Sabuni ya Nusura na Paka wa Bwaise

Ukiwauliza watu wa zamani wa Bwaise habari za Nusura binti Jafar, kwanza watacheka, ndipo wakueleze. Alikuwa mwanamke wa Kinubi, mpana wa mwili na mwepesi wa ulimi. Babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari, akastaafu Bombo, akaacha uzao mkubwa uliotapakaa mjini. Nusura alikuwa mpishi wa arusi. Kama una binti wa kuozesha na wageni wengi, unamwita Nusura, anakuja na masufuria yake mapana ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani, anapika, anakula, anagombana na mama wa bwana arusi, anarudi nyumbani ameridhika. Mumewe, Uthman, alikuwa dereva wa lori la mizigo linalokwenda Gulu na kurudi, mtu mkimya ambaye alizipenda safari kwa sababu ndani ya lori alikuwa peke yake.

Mwaka wa sabini na sita mvua zilinyesha hadi watu wakakumbuka dhambi zao. Bwaise iko bondeni, na kila kilima cha Kampala kikitaka kumwaga maji yake kinayamwaga Bwaise. Maji yakaingia nyumbani kwa Nusura kwa mlango wa mbele, yakatoka kwa mlango wa nyuma, yakaondoka na viatu. Kuku walihamia juu ya kabati la vyombo. Uthman alilala juu ya meza. Nusura alibaki kitandani, kitanda kimepandishwa juu ya matofali, akitoa amri kama mkuu wa wilaya.

"Uthman, sinia letu linapita dirishani."

"Naliona."

"Basi mbona hulishiki?"

"Linakwenda kwa Mama Laker. Atalishika yeye."

Mama Laker alikuwa jirani yao, jina lake Akwero, Mwacholi mwembamba mwenye mikono mirefu. Mumewe, Okot, alipiga tarumbeta katika bendi ya askari. Na kweli Akwero alilinyaka sinia lile, akalirudisha maji yalipopungua, likiwa na samaki ndani yake. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili wakawa hawaachani.

Maji yalipokauka, Bwaise ikabaki na matope, mbu na njaa. Zilikuwa enzi za serikali ya kijeshi. Hata pasipo mafuriko, sukari ilikuwa hadithi, chumvi ilikuwa uvumi, na kipande cha sabuni ya kufulia kilipatikana kwa magendo tu, kwa kunong'onezana nyuma ya duka. Kwa hiyo liliposimama lori la msaada kando ya barabara ya Bombo, watu walilizunguka kama nyuki.

Msimamizi wa msaada alikuwa Bwana Erinayo, Mganda mpole kutoka Lubaga, mwenye miwani na koti ambalo hakulivua hata jua likiwa kali. Alipanda juu ya kreti, akashika kipaza sauti. Kiswahili alikijua, lakini kama watu wengi wa kwao, r na l zilimchenga. Akatangaza kwamba wafadhili kutoka ng'ambo wametuma mablanketi na mapipa ya mafuta, na kwamba ili msaada ugawanywe kwa haki, wakazi wenyewe wachague kamati.

"Jumamosi asubuhi," alisema, "watu wote mje hapa, tupige kula."

Sasa fikiria. Nchi ile haikuwa imepiga kura kwa miaka mingi, na neno lenyewe lilikuwa limewatoka watu vichwani. Lakini kula, nani asiyejua kula? Jumamosi Bwaise nzima ilifika na sahani. Wenye familia kubwa walileta vyungu. Nusura, ambaye hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu nusu, alimbebesha Uthman sufuria la arusi kichwani, mpaka ikawa unaona miguu tu inayotembea chini ya sufuria.

Bwana Erinayo alisimama juu ya kreti yake akautazama umati ule wenye sahani, asielewe. Kila akisema "kula", watu waliitikia kwa kugonga vijiko. Mwishowe Akwero, aliyekuwa amesoma kidogo, akang'amua.

"Jamani, anasema kura. Ya kuchagua."

Watu wengine walianza kurudi nyuma taratibu, maana mkusanyiko wa kupiga kura ungeweza kumpeleka mtu mahali pasipo na mlango wa kutokea. Erinayo, jasho likimtoka ndani ya koti, akaomba angalau wanyooshe mikono kwa haraka, wachague mwenyekiti, kila mtu aende zake.

"Nani?" mtu akauliza.

"Yeyote."

Macho yakatafuta, yakatua kwenye kitu kilichoonekana zaidi ya vyote pale uwanjani, yaani sufuria la Nusura. Mikono ikanyooshwa. Hivyo ndivyo Nusura alivyokuwa mwenyekiti wa kamati ya msaada ya Bwaise, na Akwero katibu wake, kwa sababu ndiye aliyejua maana ya neno.

Mablanketi yaligawanywa siku ile ile bila ugomvi mkubwa. Shida ikawa mapipa. Yalikuwa na maandishi ya lugha ya kigeni na picha ya samaki anayetabasamu. Nusura alifungua moja, akachota, akakaanga maandazi kwa ajili ya kamati nzima. Nje ya nyumba walisikia harufu, wakadhani ziwa limesogea. Maandazi yalitoka yana rangi nzuri ya dhahabu. Uthman alikula moja kwa ajili ya amani ya ndoa, akaenda kukaa ndani ya lori.

"Ni mafuta ya ini la samaki," alieleza Erinayo alipoitwa. Aibu ilimjaa usoni. "Ni dawa ya watoto. Kijiko kimoja kwa siku. Nadhani walikosea, wakatuma mengi."

"Mengi ni mapipa mangapi?"

"Yanajaza ghala."

Erinayo akaketi juu ya pipa, akavua miwani, akawaeleza mzigo uliokuwa moyoni mwake. Alikuwa amehudhuria semina Nairobi. Huko walifundishwa kwamba msaada wa kumwokoa mtu leo usipomwacha na kitu cha kumshika mkono kesho, ni sawa na kumtoa mtu majini ukamlaza ukingoni, mvua ikija arudi kule kule. Alikuwa amelielewa jambo lile vizuri sana, isipokuwa sehemu moja: hakuambiwa lifanywe vipi, hasa kwa mafuta ya samaki.

Nusura hakumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa analitazama gauni lake, ambalo halikuwa limeona sabuni tangu mafuriko, na tone la mafuta lililokuwa juu yake. Akamkumbuka bibi yake kule Bombo, alivyokuwa akichemsha mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu.

"Mama Laker," akasema, "kwenu mnatupa wapi maganda ya matoke?"

"Sisi hatuli matoke kila siku. Lakini Waganda hapo nyuma wana mlima wa maganda."

Wakayakusanya, wakayakausha, wakayachoma, wakayachuja majivu kwa maji hadi yakatoka maji ya kahawia yanayouma ulimi. Wakamimina mafuta ya samaki ndani ya sufuria la arusi, wakakoroga kwa zamu, wakiimba, wakigombana juu ya nani anakoroga vibaya. Baada ya kuchemka na kupoa kilipatikana kitu laini kama uji mzito, chenye rangi ya matope. Akwero alichovya kitambaa, akasugua, povu likatoka. Jeupe. Wanawake wa kamati walisimama wakalitazama lile povu kama watu wanaomwona ndugu aliyerudi kutoka safari.

Sabuni ile ilifungwa katika majani ya migomba na kugawiwa nyumba zote, na iliyobaki ikauzwa sokoni. Ilisafisha kweli. Nguo zilirudi kwenye rangi zao. Kuna mzee aliyegundua kwamba kanzu yake haikuwa ya kijivu. Sabuni yenyewe ilikuwa na kasoro moja tu. Ukifua kwayo nguo ikakauka, binadamu husikia harufu kidogo. Paka husikia karamu.

Walianza paka wa Bwaise, wakaja wa Kawempe, wakaja wengine ambao hakuna aliyewajua. Kila mtu aliyevaa nguo safi alitembea na msafara. Mwalimu aliandika ubaoni huku paka wamempanda mabegani. Msikitini shehe aliwaambia waumini kwamba paka si najisi na hana ubaya, ila safu ya mbele sasa imejaa wao na wazee wanakosa nafasi. Vijana waliokwenda kutembelea wachumba walirudi bila wachumba. Nusura mwenyewe, akiwa ndiye mwenye harufu kuliko wote, hakuweza kukaa bila kwanza kuinua paka kutoka kitini, na hakuweza kusimama bila kuwaangusha wengine.

"Wamenizoea," alimwambia Uthman.

"Hata mimi wamenizoea," alisema Uthman. "Nimefika Gulu na watatu."

Haya yote yangebaki kichekesho cha mtaa kama wake za askari wasingekuwa na shida ile ile ya sabuni. Akwero alimfulia Okot sare ya bendi. Wake za askari wengine wakaiona ilivyong'aa, wakanunua. Basi siku moja kukawa na gwaride katika kambi iliyo juu ya kilima cha Mbuya, la kumkaribisha mgeni mkubwa kutoka nje. Wanajeshi walipanga mistari, buti zimepakwa rangi, vifua mbele, hakuna ruhusa ya kutikisa hata ukope. Bendi ikaanza kupiga. Ndipo paka wakaja.

Okot alisimulia baadaye, akiwa ameketi jikoni kwa Nusura. Walipanda kilima bila haraka, mikia juu, wakaingia katika mistari kana kwamba nao wamepangiwa. Wakajisugua kwenye suruali. Wakakaa juu ya buti. Hakuna askari aliyesogea, maana amri ya kusogea haikutolewa. Kisha mmoja, dume jeusi, akaanza kupanda mguu wa Okot.

"Ukafanya nini?" Nusura aliuliza.

"Ningefanya nini, Nusura? Nilipiga tarumbeta. Alipofika pajani akaweka kucha. Ikatoka sauti ambayo haimo katika wimbo wa taifa lolote."

"Na mgeni?"

"Alipiga saluti. Alidhani ni sehemu ya gwaride."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Kila mmoja aliwaza jambo moja. Katika miaka ile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na aliyechukuliwa jina lake halikutajwa tena kwa sauti.

Siku ya pili, mchana, Land Rover ya jeshi ikasimama ukingoni mwa mtaa. Milango ya Bwaise ilifungwa mmoja baada ya mwingine kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Akwero peke yake hakukimbia. Alikuja akasimama kando ya Nusura, akashika mwiko wa pili. Nusura akaendelea kukoroga, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake.

Akaingia ofisa mrefu mwenye masharubu. Alikuwa Kapteni Abudu, msimamizi wa stoo za sare.

"Nusura ni nani?"

"Ni mimi, Kapteni. Karibu. Kaa, lakini usikae hapo, hapo kuna—"

Kapteni hakuwa mtu wa kuambiwa akae wapi. Alikuwa ameshakaa. Ndoo pana ya sabuni iliyofunikwa kwa jani ilimpokea taratibu hadi kiunoni.

Kapteni alijaribu kuinuka, akateleza, akarudi. Akaamua kuendelea na kazi akiwa humo humo.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna, Kapteni. Nguo zilikuwa chafu."

"Nani amewafundisha hao paka?"

"Paka hafundishiki. Kama ningejua kufundisha, ningeanza na mume wangu."

Masharubu ya Kapteni yalitikisika kidogo. Kwa wakati huo paka wa kwanza alikuwa amefika, akamrukia kifuani, akaanza kumlamba kidevu. Wa pili alichukua bega. Kapteni Abudu aliwatazama kwa zamu, akauliza kwa Kinubi, kwa sauti ya chini, babu yake Nusura alikuwa nani. Nusura akamtaja. Kapteni akasema kwamba babu zao walizikwa Bombo katika makaburi ya jirani, na kwamba bibi yake yeye pia alichemsha sabuni.

"Shangazi," alisema sasa, "nivute."

Nusura alishika mkono mmoja, Akwero mwingine, wakamvuta akatoka na mlio kama wa kizibo cha chupa. Akasimama akichuruzika, akajikung'uta, akajaribu kurudisha heshima yake.

"Stoo yangu ina panya," alisema. "Walikula mikanda. Walikula kofia. Walikula mahema, na mimi ndiye ninayeulizwa. Tangu gwaride lile paka wamehamia kwangu na sijaona panya hata mmoja. Ninataka pipa zima la sabuni hii. Unataka nini?"

Nusura alifungua kinywa aseme hataki chochote, ila aondoke tu. Lakini Akwero, ambaye usiku wa mafuriko alikaa na mtoto mgongoni, maji yakimfika mapajani, alisema haraka, "Makoleo. Na sururu. Na toroli kama yapo."

"Ya nini?"

"Ya kuchimba mtaro, afande. Mvua zitarudi."

Yaliletwa juma lile lile, mengine mapya kabisa, bado yana grisi. Na wachimbaji walipatikana kwa urahisi, maana kila aliyechimba alipewa sabuni, na katika Kampala ya wakati huo mtu mwenye sabuni alikuwa mheshimiwa. Bwana Erinayo alikuja kutazama, akavua koti kwa mara ya kwanza hadharani, akachimba nao. Chini yake alikuwa na koti jingine.

Mtaro ulikuwa umefika nusu wakati Erinayo alipokuja tena, safari hii kichwa chini. Wafadhili walikuwa wamepeleka nguvu zao kwenye ukame wa nchi nyingine. Mafuta hayatakuja tena. Nusura alipiga pembeni ya pipa la mwisho kwa mwiko, likalia tupu hadi katikati.

Aliwaza kwa siku kadhaa na akawa mkali kwa kila mtu. Alijaribu mafuta ya ng'ombe, lakini nyama yenyewe ilikuwa adimu. Alijaribu mafuta ya pamba, wenye kiwanda wakasema hata mashine zao hazijapata. Jioni moja alimkuta Akwero akimpaka mtoto miguuni kitu cha manjano kutoka kwenye kibuyu.

"Hiyo nini?"

"Moo yaa. Mafuta ya mti wa yaa, mama yangu ananiletea kutoka Kitgum. Kule wanawake wanaokota mbegu porini tu."

Nusura alichukua kibuyu, akanusa, akachovya kidole, akakisugua. Kisha akamtazama Akwero kwa hasira ya kweli.

"Mama Laker. Miezi yote hii tunanuka samaki, na wewe una hiki nyumbani."

"Hukuniuliza," alisema Akwero. "Uliuliza maganda ya matoke tu."

Hawakusemezana hadi asubuhi. Asubuhi wakamwamsha Uthman pamoja.

Kuanzia hapo lori la Uthman halikurudi tupu. Mama yake Akwero, Bi Alal, aliwapanga wanawake wa kijijini kwake wakakamua mafuta, wakayaleta Gulu kwenye vyungu, na Uthman aliwapelekea chumvi na sabuni zilizokamilika. Vizuizini askari walimwuliza vyungu vina nini. Alisema ni dawa ya miguu. Wale walisimama siku nzima ndani ya buti, kwa hiyo ilimbidi awapake kidogo, na hatimaye wakawa wanamngoja kwa hamu, viatu vimeshavuliwa. Uthman hakuifurahia sehemu hii ya kazi.

Sabuni mpya ilikuwa ngumu, nyeupe, ikikatwa vipande kwa uzi. Haikunuka kitu. Wiki ya kwanza paka walikuja kama kawaida, wakanusa, wakatazamana, wakaondoka. Bwaise ikapoa ghafla. Kuna watu waliosikitika. Yule mwalimu alisema mabega yake yanahisi baridi. Kapteni Abudu alituma malalamiko kwamba panya wamerudi. Nusura alimpelekea kikapu, ndani yake dume jeusi aliyempanda Okot, na ujumbe kwamba huyu amezoea gwaride.

Mvua zilizofuata zilipokuja, wanawake walisimama kando ya mtaro wakiwa wamejifunika magunia. Maji yaliteremka kutoka vilimani, mekundu, yakibeba matawi na ndala, yakafika ukingoni, yakasitasita. Kisha yakageuka, yakaingia mtaroni, yakapita. Nyumba chache za mwisho ziliingiliwa, na wenyewe walilalamika kwa sauti, wakaahidiwa kwamba kuchimba kutaendelea, na kuliendelea. Lakini nyumbani kwa Nusura sakafu ilikuwa kavu. Alishuka kitandani, akatembea peku kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akarudi tena, na Uthman aliyemfahamu vizuri akatazama pembeni ili asimwone akilia.

Mwaka uliofuata Erinayo alileta mgeni, Mzungu mrefu kutoka kwa wale wafadhili, aliyetaka kuona jinsi Bwaise ilivyovuka kutoka msaada wa dharura hadi maendeleo. Alionyeshwa mtaro. Alionyeshwa vyungu vya Kitgum, na kibanda cha kamati, ambacho sasa kilikuwa na paa la mabati. Aliuliza, kwa mkalimani, walipanga lini mabadiliko hayo, na msaada ulikoma siku gani maendeleo yakaanza. Nusura na Akwero walishauriana.

"Mwambie hatukuiona hiyo siku," alisema Nusura. "Tulikuwa tunakoroga."

Mgeni alipendezwa sana na jibu hilo. Akakaribishwa ndani, akapewa kiti safi, na kwa kuwa mgeni hatoki mikono mitupu, Nusura alimwekea mbele yake sinia lenye sabuni bora ya siku ile, imekatwa vipande vidogo vyeupe juu ya jani bichi la mgomba, akaenda kuleta chai. Aliporudi, mgeni alikuwa ameshakula viwili. Alikuwa anatafuna cha tatu polepole, kwa adabu kubwa, macho yamemtoka machozi, na Erinayo aliyekuwa ameketi karibu naye alikuwa ameganda, hajui aanze kueleza kwa lugha gani.

Mgeni akameza. Akanyoosha kidole gumba. Kisha akajaribu kusema asante, na povu jeupe, safi, lisilonuka kitu, likaanza kumtoka puani.

"Mama Laker," alisema Nusura akiweka chai chini, "lete maji. Mengi."